Salamu Zilizozidi

Mstari wa kwanza kuandikwa kwenye daftari la makosa ulikuwa na tarehe ya miaka miwili kabla daftari lenyewe halijatengenezwa.

Fundi aliuona Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, chai yake ikiwa nusu. Alidhani saa ya kompyuta imepotea. Akaitazama, ilikuwa sawa. Akatazama ya ukutani, aliyoitundika Matroni mwenyewe juu ya kabati la bandeji. Nayo ilikuwa sawa. Tarehe ile ilimgusa mahali fulani, lakini alijiambia kwamba kila tarehe ni ya msiba wa mtu. Akaufuta mstari, akamalizia chai.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa. Matroni, muuguzi mstaafu, ndiye aliyeianzisha. Wauguzi watatu walizunguka mjini na mikoba yao wakiwahudumia wagonjwa majumbani. Mpokezi aliitwa Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta amezimwa. Fundi ndiye aliyetengeneza tovuti ambayo mgonjwa aliifungua kwenye simu, akaandika jina lake, mahali anapokaa na kinachomsumbua, kisha akabonyeza. Simu ilimjibu: *Ombi lako limepokelewa. Muuguzi yuko njiani.*

Juma lililotangulia, baba mmoja mtu mzima alipanda ngazi kwa kupumzika kila baada ya vidato vitatu, akaweka simu yake mbele ya Matroni. Maneno yale yalikuwa bado yapo kwenye kioo.

"Nimemngoja huyo muuguzi siku nne," alisema. "Mwanzo nikasema labda njia ni mbaya."

Matroni alimwomba radhi, akamwita muuguzi papo hapo, kisha akaenda kusimama nyuma ya kiti cha Fundi.

"Ombi la yule baba liko wapi?"

"Halimo, Matroni."

"Mtambo umemwambia limo."

"Ndiyo."

"Basi mtambo ni mwongo. Na mtambo hauzaliwi na uongo, hufundishwa. Nitafutie mwalimu wake."

Fundi hakuwa na haja ya kutafuta. Miaka mitatu nyuma, siku ya uzinduzi, tovuti ilijikwaa mbele ya wageni na kutoa maandishi mekundu kioo kizima, na Matroni akaona haya hata akashindwa kumaliza hotuba. Fundi alikaa pembeni palepale akaandika mistari minne: likitokea kosa lolote, limezwe, na mtu aonyeshwe shukrani. Alikusudia kuirudia baadaye. Hakuirudia, maana hakuna aliyelalamika. Aliyeambiwa kwamba ombi limepokelewa atalalamika nini?

Ndiyo maana sasa akaweka daftari la makosa. Si kitu kikubwa. Ni faili ambamo mfumo huandika kila unapojikwaa: saa ngapi, mahali gani, na mzigo gani uliokuwa umebeba. Mafundi waangalifu huliweka siku ya kwanza, kama mjenzi anavyoacha nafasi ya mlango. Yeye alichelewa miaka mitatu.

Jumanne, saa nne na dakika kumi, mstari ulirudi. Tarehe ile ile. Safari hii ulikuwa umebeba maneno: *Maandishi yamezidi. Hamjambo wanangu. Natumai mmeamka na viungo vyenu vyote.*

Fundi alitoa mkono kwenye kibao cha herufi, polepole, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto na hataki wengine wajue.

"Nani anakoroga chai?" Redio aliuliza kutoka mezani kwake.

"Chai gani?"

"Si hiyo, kijiko hicho. Kling, kling, kling. Huyo sukari yake ni ya mawe?"

Fundi alisikiliza. Kijiko kilizunguka kwenye kikombe, kwa utulivu, kama mtu anayekoroga bila kukusudia kunywa. Sauti ilitoka upande wa mlango, kwenye kiti cha wageni. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, nyembamba, ya dawa ya kuchua yenye kafuri.

Mama yake alijipaka dawa hiyo magotini kila asubuhi. Na hakuna mtu mwingine duniani aliyesalimia watu kwa kuwaulizia viungo vyao. Ulikuwa utani wake wa tangu zamani, akiulizwa habari za asubuhi hujibu, "Nimeamka na viungo vyangu vyote, nimevihesabu."

Walimkuta Jumamosi, miaka miwili iliyopita. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao alichokigeuza kuutazama mlango, amevaa gauni lake la kutokea na viatu vya kufunga. Kwenye meza ndogo palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kimefunikwa na kisahani, kama ufanyavyo ukingoja mgeni. Daktari alisema alikufa Alhamisi. Tarehe ya kwenye daftari ilikuwa ya Alhamisi hiyo.

Familia ilijiuliza sana huyo mgeni alikuwa nani, kisha ikachoka, ikatafuta wa kumlaumu. Dada yake Fundi alikaa nyumba ya pili kutoka kwa mama. Kwenye msiba Fundi alisimama mbele ya wajomba na shangazi akasema kwamba kutoka mlango wa dada hadi mlango wa mama ni hatua arobaini na mbili, amezihesabu mwenyewe. Dada alisema mama alimkataza asije, kwa sababu mtoto alikuwa na surua.

"Maiti hapingi," Fundi alimjibu. "Mtu anaweza kumsemea lolote."

Tangu siku hiyo hawakuzungumza.

Jumatano maneno yaliongezeka. *Poleni sana na kazi, najua wagonjwa ni wengi, siko peke yangu.* Kiti cha wageni kilikuwa kimeuacha ukuta. Sakafu ya ofisi ilikuwa na vigae, na kutoka ukutani hadi mezani kwa Fundi vilikuwa tisa. Kiti kilikuwa kwenye kigae cha tatu.

"Umekisogeza wewe?" alimuuliza Redio, kwa sauti ya chini.

"Mimi? Hicho kiti kizito kama deni la—" Redio alinyamaza mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida. Akanong'ona, "Fundi, tangu jana sijakikalia. Ukipita karibu nacho kina baridi."

Alhamisi Redio alitumwa posta na Matroni alikuwa kwa mgonjwa. Jua lilikuwa limejaa chumbani, mtu angeweza kuona vumbi likielea, na chini barabarani muuza magazeti alikuwa akibishana na mteja juu ya chenji. Saa nne na dakika kumi mstari ukaja: *Mimi ni mama wa huyo aliyewatengenezea mtambo huu, msimwambie, atajisifu. Samaha* — ukakatika hapo, na Fundi, ambaye vidole vyake vilianza kuhesabu kabla akili yake haijavituma, aligundua kwamba herufi ya mia mbili ilikuwa katikati ya neno samahani, na kwamba mia mbili ndiyo kipimo alichokiweka yeye mwenyewe kwenye kisanduku cha maelezo, kwamba ombi likizidi hapo lihesabiwe kosa, akisema mgonjwa gani atahitaji zaidi ya hizo kusema anaumwa, bila kukumbuka kwamba vijana huandika "naumwa tumbo njooni" lakini mtu mzima haingii na shida yake mlangoni kabla ya salamu, na wakati anawaza hayo kijiko kilikuwa kinakoroga nyuma yake, si mlangoni tena bali nyuma yake, karibu na bega, na harufu ya kafuri ikawa nzito hata ikamtoa machozi, na akasikia miguu minne ya kiti ikiburuzwa juu ya kigae cha nane, na kisha kijiko kikaacha kukoroga, kikawekwa juu ya kisahani, taratibu, kama afanyavyo mtu aliyeona mgeni wake amefika.

Hakugeuka. Alizima daftari, akafuta faili lote, akashuka ngazi akiacha mlango wazi.

Alasiri shemeji yake alimpigia, mume wa dada. Hawakuwa wamezungumza muda mrefu, hivyo hakupoteza wakati.

"Dada yako ameacha kula tangu asubuhi. Anasema kuna mtu nyuma yake anakoroga chai. Najua mmegombana, lakini damu ni damu. Kama unajua neno, sema."

Fundi alisema atakuja. Kisha akakaa kitandani na simu mkononi, bila kwenda.

Ijumaa Redio alimpeleka kwa shangazi yake, fundi cherehani mwenye chumba nyuma ya soko. Watu walimletea nguo za kupunguza, na wengine walimletea mambo mengine. Alimsikiliza Fundi huku anapinda suruali, pini nne mdomoni.

"Majini siku hizi yamesoma," alisema alipozitoa. Redio peke yake ndiye aliyecheka, akaacha haraka.

"Ni mama yangu, Shangazi. Ni maneno yake."

"Maneno ni yake. Mama yako amelala, baba. Aliyekufa haandiki wala hakorogi chai. Hilo ni jini. Yapo ya majalalani, yapo ya visimani, na yapo yanayokaa pale mtu alipoita, akaambiwa tunakuja, na hakuna aliyekwenda. Kiti cha namna hiyo hakibaki kitupu. Litakaa, litavaa sauti ya mwenye kiti, litaendelea kungoja kwa niaba yake."

"Nimelifuta daftari."

"Naam. Na jini limekwenda wapi?"

Fundi alitazama sakafu iliyojaa vipande vya nyuzi.

"Ulilifungia mlango, likaenda kwa yule uliyembebesha mzigo wako," fundi cherehani alisema. "Ubani nitakupa, lakini ubani husafisha chumba tu. Lirudishe daftari, ulisome kwanza hadi mwisho. Usiliendee jini na hujui limebeba nini. Halafu yule aliyesema muuguzi yuko njiani ndiye atakayekwenda kusema hayuko. Mlango ule ule, saa ile ile, na dada yako awe amesimama hapo anasikia. Asipokuwapo yeye, bora ubaki nyumbani."

"Mbele ya dada?"

"Wewe ulimsema mbele ya nani?"

Fundi alirudisha daftari siku hiyo hiyo. Jumamosi asubuhi hapakuwa na kijiko wala harufu. Kiti kilikuwa mbele ya meza yake, kimemwelekea. Maneno yakaja kwa mkupuo, yale ya kwanza na yaliyobaki:

*Samahani kwa kuwasumbua mapema. Kifua kimenibana tangu alfajiri na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Binti yangu yuko karibu lakini nimemkataza asije, mtoto ana surua, asimwache. Kijana wangu msimpigie, yuko kazini. Mlango sijaufunga. Chai ipo.*

Aliyachapa kwenye karatasi moja. Matroni alimkuta ameinamia meza, akaisoma juu ya bega lake, akavua miwani.

"Uliyameza yale makosa kwa sababu yangu," alisema.

"Uliniambia hutaki kuona maandishi mekundu tena. Hukuniambia nidanganye watu. Hilo nililitoa kichwani mwangu."

Jumapili dada alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa amekonda shingo, na mkanda mmoja wa gauni ulikuwa unamtoka begani. Alimtazama mdogo wake toka viatu hadi kichwa.

"Leo nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna, Dada. Naomba twende kwa mama."

"Unahesabu hatua tena?"

"Nitazihesabu. Twende."

Walitembea. Hakuthubutu kusema kwamba zilikuwa bado arobaini na mbili. Dada ndiye aliyekuwa na ufunguo. Tangu maziko alifagia nyumba ile kila wiki, lakini kile kiti hakukigusa, wala vile vikombe viwili, ambavyo aliviosha akavirudisha palepale.

"Unakisikia kijiko tangu Alhamisi?" Fundi aliuliza, mbele ya kizingiti.

"Tangu Alhamisi kimenikaribia. Kukisikia, ninakisikia miaka miwili."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe?"

Saa ya mkononi ilionyesha saa nne na dakika tisa. Alichoma ubani kidogo kwenye kifuniko cha kopo, kiberiti kikimzimikia mara mbili. Kisha kafuri ikaja, ikaushinda ubani, na ndani, kwenye kikombe ambacho wote wawili waliona hakina kitu, kijiko ambacho hakikuwapo kikaanza kukoroga, na dada akamshika mkono bila kujua amemshika, na Fundi akaona kwenye godoro dogo la kile kiti pamebonyea kama panavyobonyea chini ya mtu mwembamba, na akataka kusema neno la mwanzo lakini ulimi ukakataa, kwa kuwa alijua akilisema dada atalisikia na halitarudi, na yule aliyekuwa kijana wa kujivunia kwenye familia atakuwa ndiye mgeni aliyengojwa na asiyefika, na kijiko kikawa kinakwenda mbio, mbio, hata kikombe kikaanza kutembea kuelekea ukingo wa meza, na hapo ndipo aliposema:

"Hujambo, mama. Shikamoo. Ombi lako halikufika."

Kijiko kilisimama.

"Hakuna muuguzi aliyekuwa njiani. Mimi ndiye niliyekuandikia uongo ule. Uliandika salamu, nami sikuacha nafasi ya salamu. Dada hakuwa na kosa. Ulimkataza, akatii. Nilimsingizia kwa sababu nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa. Hakuna anayekuja, mama. Usingoje."

Ile sehemu iliyobonyea ikainuka taratibu. Ubaridi ukapita katikati yao, ukatoka mlangoni, ukashuka kidato kimoja, cha pili, na harufu ya kafuri ikaufuata kama mbwa anavyomfuata bwana wake. Nje kuku aliyekuwa akiparura alijitenga, akapisha njia, akaendelea kuparura.

Fundi alitoa karatasi mfukoni, akampa dada yake. Aliisoma akiwa amesimama. Alipofika mahali fulani alirudi nyuma, akasoma tena, na tena, midomo ikicheza.

"'Nimemkataza asije,'" alisema.

"Ndiyo."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Ukasema maiti hapingi. Mbele ya wajomba."

"Nilisema. Nitawaita wote, Dada, nitalifuta mbele yao."

Dada aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani. Akaingia, akageuza kile kiti kikaacha kuutazama mlango, akaketi.

"Nenda nyumbani," alisema. "Sikufukuzi. Wewe ulishamlia mama. Mimi zamu yangu nimeingoja miaka miwili, na siwezi kulia mbele yako."

Jumatatu kiti cha wageni kilikuwa kimeegemea ukuta, miguu yote minne mahali pake. Fundi alifika mapema. Aliondoa kile kipimo cha herufi mia mbili, akaing'oa mistari minne iliyomeza makosa, akaandika mahali pake: *Samahani, ombi lako halijafika. Tafadhali tupigie.* Kwa herufi nyekundu. Matroni alizisoma, akatikisa kichwa kukubali. Redio aliletewa maandazi na mmoja wa wauguzi, akaanza kusimulia harusi ya jirani yake, na kwa muda ofisi ikawa ofisi.

Saa nne na dakika kumi mstari ukaingia kwenye daftari.

Tarehe ilikuwa ya mwaka mmoja na miezi mitano nyuma. *Maandishi yamezidi. Habari za asubuhi, wajukuu zangu. Mimi ni babu wa nyumba yenye lango la kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Kwanza natanguliza shukrani kwa kazi yenu njema.*

Chini yake ukaingia mwingine, wa tarehe nyingine. *Salamu nyingi kwenu nyote na familia zenu.* Kisha mwingine. Kisha kioo kikawa kinapanda chenyewe, kama mtu anavyokunja mkeka, na kila mstari ulianza kwa salamu.

Redio aliacha harusi katikati.

"Fundi," alinong'ona. "Hivyo ni vijiko vingapi?"

Fundi alikuwa anavisikiliza. Vingine vilikoroga upesi, vingine kwa kuchoka, kimoja kiligonga kikombe chenye ufa. Matroni alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha pili na mkono mdomoni.

"Yule baba alipanda ngazi akaja kutuuliza," alisema. "Hawa je?"

"Hawa hawakuweza kupanda," Fundi alisema.

Alichukua karatasi tupu, akaandika juu yake lango la kijani, nyuma ya kiwanda cha sabuni, akavaa koti. Alipokanyaga kidato cha kwanza cha ngazi, vijiko vyote vilinyamaza kwa pamoja, kama watu waliosikia hatua za mgeni.